Gari Lilichemshia Wapi?

Gari likichemsha, dereva hukimbilia dumu la maji na fundi hukimbilia spana. Mimi humwamini fundi anayeanza kwa kuuliza: lilichemshia wapi, na lilikuwa linafanya nini?

Chukua Noah iliyofanya kazi Kihanga, Karagwe, mwaka mzima bila kusumbua. Siku inapopelekwa Mwanza au Dar es Salaam, inakaa kwenye foleni nusu saa kiyoyozi kikiwaka, na mshale wa temperecha unapanda hadi kwenye herufi H. Mwenye gari ataapa kwamba jana lilikuwa zima. Inawezekana kabisa feni ilikufa miezi mingi nyuma, ila Kihanga hapakuwa na cha kuifichua. Hewa ya huku ni ya ubaridi, foleni hatuna, na gari likitembea upepo wa barabarani hupita wenyewe kwenye rejeta. Feni ina kazi hasa pale gari linaposimama injini ikiendelea kuunguruma.

Kwa hiyo jibu la dereva ni nusu ya uchunguzi. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likianza kutembea lina shida ya upepo. Linalotulia likisimama, kisha likachemsha likiwa limesheheni ndizi na kupanda kutoka daraja la Kyaka kuja Karagwe, mara nyingi lina shida ya mzunguko wa maji: rejeta imeziba kwa kutu ndani, wota pampu imechoka, au thamostati haifunguki yote. Linalochemsha popote, tazama kwanza kama maji yanavuja.

Tuanze na upepo. Kwenye feni ya umeme, washa kiyoyozi injini ikiwa inaunguruma. Feni ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isizunguke injini inapopata moto, mota yake ni nzima. Tafuta sensa ya joto au waya zake. Isipozunguka kabisa, kagua fyuzi na rilei, kisha iunge mota moja kwa moja kwenye betri. Ikikaa kimya hata hapo, imekufa. Feni inayoendeshwa na mkanda, kama kwenye Land Cruiser nyingi, ina klachi yake. Zima injini, iache ipoe, kisha izungushe kwa mkono. Ikiteleza mizunguko kadhaa bila ukinzani wowote, klachi imekwisha. Usisahau pia vumbi na nyasi zilizojibana kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi: zioshe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje.

Sasa mfuniko wa rejeta, kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote na ambacho huku kwetu kina uzito wa pekee. Maeneo mengi ya nyanda za Karagwe na Kyerwa yako mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Thamostati ya kawaida hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Ukiyatazama mahesabu hayo utaona jinsi nafasi ilivyo finyu. Mfuniko mzima, wenye namba 0.9 au 1.1 juu yake, hushikilia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, nyuzi hizo za ziada hupotea, na gari linaweza kutoa mvuke hata kama rejeta, pampu na feni ni vizima. Usiufungue ukiwa wa moto. Maji ya moto yaliyo ndani huruka na kuunguza uso.

Kuna tiba moja ninayoipinga waziwazi: kung'oa thamostati na kuitupa. Haiponyi feni iliyokufa. Kwa baridi ya asubuhi ya Karagwe, injini isiyo na thamostati hutembea kilomita nyingi bila kufikia joto lake, ikila mafuta zaidi na kulika haraka. Iliyoharibika ibadilishwe. Na rejeta ijazwe kulanti, kwa sababu maji ya kisimani pekee huacha chokaa na kutu ndani yake.

Maji yakipungua bila kuvuja nje, mapovu yakitoka mdomoni mwa rejeta, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usiendeshe tena. Wala usiutegemee mshale peke yake: maji yakiisha kabisa, sensa hubaki kwenye mvuke na inaweza kuonyesha baridi wakati injini inaungua.

Kabla ya safari ya mjini, foleni inaweza kutengenezwa nyumbani. Egesha gari uani, injini ikiunguruma na kiyoyozi kikiwa kimezimwa ili feni iitwe na joto lenyewe, na ukae nalo nusu saa. Kwa feni ya umeme, unasubiri kusikia ikiingia, ikikata, kisha ikiingia tena.