Fahamu: Simu za intaneti ofisini, njia ngapi zinatosha?

Simu 200 mezani hazihitaji njia 200. Kinachopimwa ni saa ya pilikapilika. Tuseme ofisi kubwa hapa Babati, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, inapigiwa simu 120 za dakika tatu tatu. Zidisha, gawa kwa 60: wastani ni mazungumzo sita kwa wakati mmoja. Lakini simu haziji kwa foleni! Kwa kanuni ya mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, ya mwaka 1917, njia sita zingekataa zaidi ya robo ya wapigaji. 13 ndizo zinazopunguza wanaokosa hadi chini ya mmoja kwa mia. Kwenye intaneti, kila mazungumzo ya sauti isiyobanwa hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde, kwenda na kurudi vilevile. Umeme ukikatika, simu hizi nazo huzima: tengeni fedha za betri mapema.