Pasipoti Imepotea Ukiwa Bariadi: Gharama Iko Wapi Hasa

Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ni shilingi 150,000. Unailipa kwa mafungu mawili: 20,000 unapojaza fomu mtandaoni, kisha 130,000 ombi likishapita hatua ya kwanza. Kitabu unachopewa ni pasipoti ya kielektroniki, ile iliyozinduliwa Januari 31, 2018, na kinadumu miaka kumi. Ukigawa, ni 15,000 kwa mwaka. Mmarekani aliyepoteza ya kwake hulipa dola 165 kupata nyingine ya miaka kumi, kwa hiyo kwa kitabu peke yake Mtanzania hajaonewa.

Ila aliyepoteza asiichukue 150,000 kuwa ndiyo dari ya bajeti yake. Kwanza, kiasi cha kuamini ni kile tu kinachotoka kwenye mfumo wa Uhamiaji pamoja na kumbukumbu namba ya malipo yenye jina lako. Anachosema jirani au dalali kiache. Pili, mkazi wa Simiyu hatafunwi sana na bei ya kitabu. Anatafunwa na nauli, na karatasi zilizokuwa kwenye mkoba uleule, na watu wanaojiweka katikati. Humo ndimo mwenye busara anaweza kuokoa fedha, na humo ndimo wengi wanazimwaga.

Tuanze na polisi, kwa sababu bila karatasi yao hakuna linaloendelea. Kupotea ni jambo moja na kuibiwa ni jingine. Aliyedondosha au asiyejua alipoiacha anahitaji taarifa ya upotevu, ambayo sasa inaombwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa mtandaoni kwa ada ndogo. Aliyeibiwa aende kituoni, aeleze tukio, apewe RB. Kosa linalogharimu watu wa kwetu ni kuripoti mbali na tukio. Umechomolewa mkoba stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, unapanda basi kwa hasira hadi Bariadi, halafu asubuhi unaanza kuelezea polisi wa Bariadi wizi uliotokea Ilemela. Kuna uwezekano mkubwa wa kurudishwa ulikotoka, na nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Saa moja ya kukaa kituo cha karibu na stendi ingekuwa nafuu.

Kabla ya kuripoti upotevu, pekua nyumba. Nasema hivi si kwa utani. Pasipoti ikisharipotiwa, nchi huweza kuipeleka namba yake kwenye kanzidata ya Interpol ya nyaraka za safari zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo maafisa wa mipaka hupekua katika nchi nyingi. Ukija kuiokota chini ya godoro wiki mbili baadaye, usidhani umeokoa 150,000. Kitabu hicho kimekufa, na anayejaribu kusafiri nacho anaweza kushikiliwa uwanja wa ndege kwa pasipoti yake mwenyewe. Irudishe Uhamiaji. Kwa aliyeibiwa ushauri ni kinyume: usisubiri hata siku moja, kwa kuwa kitabu kiko mikononi mwa mtu.

Sasa karatasi. Hapa ndipo tofauti ya mtu anayemaliza kwa siku chache za miguu na yule anayehangaika miezi. Mfumo unataka kukujua upya: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, ushahidi wa uraia wa mzazi, picha, na fomu iliyothibitishwa mbele ya wakili. Aliyepoteza pasipoti peke yake ana bahati. Aliyepoteza mkoba mzima anajenga upya.

NIDA kwanza. Kadi mpya badala ya iliyopotea ni 20,000. Lakini jiulize kama unahitaji kadi au namba. Namba ya kitambulisho yenye tarakimu 20 haipotei na mkoba. Unaweza kuitafuta kwa simu kupitia *152*00#. Ukiwa na namba hiyo na nakala ya zamani ya kadi, uliza kaunta ya Uhamiaji kama zinakutosha kuanza, kabla hujalipia kadi. Ukiambiwa hazitoshi, lipa. Walau umelipa kwa sababu.

Cheti cha kuzaliwa kina hadithi ndefu zaidi, na hadithi hiyo ni ya Simiyu hasa. Mkoa huu ulianza rasmi mwaka 2012. Mtu mzima yeyote anayesafiri leo alizaliwa kabla yake. Mzaliwa wa Maswa, Meatu au Bariadi ana cheti kinachosema Mkoa wa Shinyanga, na hilo ni sahihi kabisa. Mzaliwa wa vijiji ambavyo leo ni Itilima ana cheti kinachotaja Wilaya ya Bariadi, kwa kuwa Itilima ilikatwa humo. Wa Busega ndiye anayeshangaza maafisa wasio wa kanda hii: cheti chake kinasema Magu, Mkoa wa Mwanza, wakati taarifa zake za NIDA zinaonyesha anaishi Busega, Simiyu. Watu wameshawishiwa kulipia “marekebisho” ya jambo ambalo halikukosewa. Mahali pa kuzaliwa huandikwa kama palivyoitwa siku hiyo. Ukiulizwa, jibu ni sentensi moja: wilaya iligawanywa. Usitoe shilingi kwa ajili yake.

Majina ni suala jingine, na hapa siwezi kukupa moyo kirahisi hivyo. Majina ya Kisukuma yameandikwa na makarani wa kila namna. Mtu huyohuyo ni Mwandu kwenye cheti cha shule, Ng'wandu kwenye cha kuzaliwa, na alama ya king'ong'o imedondoka kwenye kadi. Pasipoti iliyopotea ilitolewa kwa jina fulani. Nyingine itafuata nyaraka utakazoleta leo. Kama tofauti ni ya herufi, kiapo mbele ya wakili au hakimu aghalabu ndiyo njia ya bei ndogo. Kama jina lenyewe limebadilika, la ukoo au la ndoa, kiapo huenda kisitoshe, utatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo ni safari yenye gharama na muda wake. Ninachoweza kushauri ni mpangilio: panga nyaraka zako zote mezani, soma majina herufi kwa herufi, kabla ya kulipa ile 20,000 ya kwanza. Fomu ikishajazwa kwa jina lisilolingana na NIDA, fedha umetoa na kazi bado.

Kama cheti nacho kimepotea, nakala hutafutwa wilaya uliposajiliwa, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya ambako kazi ya RITA hufanyika. Aliyesajiliwa Maswa aanzie Maswa. Kwa wazazi, wazee wengi wa vijijini huku hawakuwahi kuwa na cheti. Kiapo cha kuzaliwa cha mzazi ndicho kinachotumika, na ni bora ukichukue mzee akiwa hai na anayekumbuka kijiji na mtemi wa enzi yake.

Ukishakuwa na bahasha kamili, unaombea wapi? Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Bariadi. Lakini bado kuna imani kwamba mambo huenda haraka ukifika Kurasini, Dar es Salaam. Tupige hesabu. Viwango vya nauli vya LATRA vilivyotangazwa Desemba 2023 viliweka basi la daraja la kawaida shilingi 48.47 kwa kilomita. Kutoka Bariadi kupitia Maswa, Shinyanga, Singida na Dodoma hadi Dar ni kilomita 1,100 hivi. Hiyo ni zaidi ya 53,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi umevuka laki moja, hujalala gesti wala kula. Yaani umenunua theluthi mbili ya pasipoti ya pili kwa ajili ya kuifuata ya kwanza. Mwanza kupitia Lamadi ni kilomita 190 hivi, kama 9,200 kwa kiwango hichohicho. Si fedha nyingi, ila sioni inanunua nini. Fomu ni ileile, mfumo ni uleule, ada ni ileile. Na karatasi ikikosekana, uliyeko Bariadi unaifuata nyumbani na kurudi kesho. Uliyeko Dar unamtafuta mtu wa kukutumia kwa basi.

Dar ina maana kwa mtu mmoja: aliye na jambo jingine la kufanya huko, kwa mfano miadi ya ubalozi. Huyo aunganishe safari.

Kujaza fomu ni kwenye tovuti ya Uhamiaji, na mwenye simu nzuri na subira anaweza kujaza mwenyewe kisha akachapisha. Wengi huenda steshenari, na sioni aibu. Kwa elfu chache kijana anajaza, anachanganua nyaraka, anachapisha, na mara nyingi anapiga picha za pasipoti hapohapo. Hiyo ni huduma ya halali yenye bei inayoonekana. Masharti yangu ni mawili: kaa naye usome kila mstari kabla hajabonyeza kutuma, na malipo ya serikali yafanye kwa simu yako wewe kwa kumbukumbu namba uliyoiona kwa macho. Kishoka ni mtu mwingine. Huyo anakutajia bei moja ya jumla, “nipe tu laki tatu, kaa nyumbani”. Hawezi kukutolea alama za vidole wala kukujibia maswali ya afisa, kwa hiyo sehemu ngumu utaifanya wewe. Tofauti ya laki na nusu umelipia kuchukuliwa fomu. Akiweka nyaraka za kughushi humo ndani, jina lililo juu ya faili ni lako, na Sheria ya Pasipoti na Nyaraka za Kusafiria ya mwaka 2002 haimuulizi kishoka.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni kama wanahitaji kitabu kabisa. Mfanyabiashara wa nguo au vipuri anayekwenda Nairobi mara moja, au ndugu anayekwenda msiba Kampala, anaweza kusafiri kwa hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake haifiki robo ya bei ya pasipoti na haina mlolongo mrefu namna ile. Udhaifu wake ni muda mfupi na nchi chache za jirani zinazoipokea. Kwa safari moja ya Lamadi, Tarime, Sirari na kuvuka, inatosha. Kwa anayekwenda kila mwezi, hati za mara kwa mara pamoja na siku za kuzifuata zitakula faida. Huyo anunue kitabu. Mwanafunzi anayekwenda India au anayejiandaa kwa Hijja hana la kuchagua. Atahitaji pasipoti, na nchi nyingi hutaka iwe imebakiza angalau miezi sita.

Kuna wanaoamini kwamba kitambulisho cha NIDA kinawavusha. Makubaliano ya kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, yaliyoanza 2014, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haikuingia. Nauli ya kufika Sirari na kugeuzwa ni ghali kuliko hati ya dharura. Na kama mkoba ulikwenda na kadi ya njano ya chanjo, iweke kwenye orodha ya kufuatilia mapema, hospitali au kwa maafisa wa afya wa mpakani, maana pasipoti mpya mkononi bila kadi hiyo bado ni safari yenye mabishano.

Aliyekuwa na viza ndani ya kitabu ndiye aliyepoteza kikubwa. Stika ya viza haihamishwi na Uhamiaji wetu. Ya Schengen, kwa mfano, ni euro 90 tangu Juni 2024, na inaombwa upya pamoja na safari ya Dar. Hapo 150,000 ya kitabu inakuwa sehemu ndogo ya bili. Huyu auarifu ubalozi husika mapema, akiwa na karatasi ya polisi, ili viza ile isitumiwe na mwingine.

Na kama imepotelea nje, usianze kutafuta njia ya kurudi kimyakimya. Tanzania ina ubalozi Nairobi na Kampala, na ubalozi mdogo Mombasa, kwa hiyo aliyeibiwa Mombasa hana sababu ya kupanda basi la Nairobi kwanza. Polisi wa huko watampa taarifa, ofisi ya ubalozi itampa hati ya kumrudisha nyumbani. Ile karatasi ya polisi wa Kenya aitunze asiiache mpakani, kwa sababu kaunta ya Bariadi itaiulizia kabla ya kitu kingine chochote.