Kazi yetu iko kwa shamba la nani?

Wenzangu, swali moja kwanza. Memuare yako iko wapi leo? Kwa wengi wetu jibu ni hili: nakala moja ya karatasi iko kwa biblioteke ya fakilte, nyingine iko nyumbani kwa wazazi, na faili yenyewe iko kwa flashi ambayo mtu aliiazima na hajairudisha mpaka leo. Na kama kuna kipande tulitangaza, tulikiweka kwa Facebook ao kwa kikundi cha WhatsApp, watu wakatoa pongezi zao, na siku tatu nyuma kikazama. Miaka miwili ikipita, hakuna anayeweza kukipata tena, hata mwenye kukiandika.

Mimi niko mtu wa agronomia, basi nachukua mfano wa shambani. Mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria tunaoita BXW, ulionekana huku kwetu, Masisi, mwaka wa 2001. Shauri la kwanza ambalo wakulima walipewa lilikuwa gumu: mgomba mmoja ukigonjwa, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake wote. Watu wengi hawakulifuata, na nani atawalaumu? Kung'oa ni kazi ya siku nzima, na kisha familia inabaki bila ndizi. Nyuma watafiti wakaona kwamba bakteria haifiki kwa kila mtoto wa shina. Njo maana leo tunasema: kata ule mmoja tu wenye dalili, ukate chini kabisa, rudi kuangalia kila wiki, pitisha panga kwa moto mbele ya kugusa mgomba mwingine, na lile ua dume linaloning'inia ulivunje kwa mti wenye panda, si kwa panga.

Sasa angalia: shauri la zamani lingali linazunguka kwa simu, kama picha ya karatasi, bila tarehe, bila jina la mwandishi. Hakuna mtu anaweza kulisahihisha juu halina nyumba. Maandiko yenye anwani yake unayasahihisha pahali pamoja, na kila mwenye kuyafungua kesho anakuta yale mapya. Kwa mimi, hii njo sababu kubwa ya kuzungumza juu ya programu huru na kuandika kwa anwani yako mwenyewe. Mambo ya kuchukia kampuni kubwa yanakuja nyuma.

Wengi wetu tulizaliwa kwa intaneti ambayo tayari ilikuwa na wenyewe, tukafikiri ni vile iliumbwa. Hapana. Tim Berners-Lee alitunga wavuti akiwa CERN, Geneva, kuanzia 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaitoa kwa watu wote, bila kulipisha mtu yeyote. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuweka ukurasa wake bila kuomba ruhusa. Ruhusa hiyo ingaliko. Hakuna aliyeifuta. Ni sisi tuliacha kuitumia, juu kwa mitandao mikubwa ni rahisi na watu wote wako kule.

Shida ya kule ni kwamba unalima kwa shamba la mwingine na hakuna mkataba mkononi. GeoCities ilikuwa na kurasa nyingi za watu; Yahoo ikaifunga 2009. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Tarehe 4 Oktoba 2021, kosa moja ndani ya mitambo ya Facebook lilizima Facebook, WhatsApp na Instagram, zote tatu pamoja, karibu masaa sita dunia nzima. Na kuna yale madogo ambayo gazeti haliandiki. Promosheni yetu ilikuwa na ukurasa kwa mtandao mmoja mkubwa, na picha za sitaje za miaka mitatu. Mwenzetu aliyeusimamia akaibiwa simu, namba ikapotea, mtandao ukaomba uhakikisho kwa namba ile ile. Tuliandika, tukaandika tena, jibu lilikuwa la mashine kila mara. Ukurasa uko pale mpaka leo, unaonekana, lakini hakuna mmoja wetu anaweza kuugusa.

Tuje kwa programu sasa, wengine tunasema lojisieli. Waingereza wako na shida: neno lao moja linasema "bure" na tena "huru", wanabaki kuelezana. Sisi tuko na maneno mawili, tusiyachanganye. WhatsApp ni ya bure, lakini si huru. Programu huru ni ile inayokuachia mambo manne: kuitumia kwa kazi yoyote, kufungua na kusoma namna ilivyoandikwa, kugawia wengine nakala, na kuibadilisha kisha kugawa ile uliyobadilisha. Hayo yameandikwa kwa lisansi yake. Lisansi hapa si ile tuliyopata kwa iniversite, ingawa hii nayo inafungua milango, pengine kuliko ile yetu.

Jambo lilianza na masini ya kuchapa. Richard Stallman alikuwa anafanya kazi kwa laboratware ya MIT, Marekani. Masini ilikuwa inakwama karatasi, yeye alitaka tu kurekebisha programu ili iwaambie watu kwamba imekwama, na akanyimwa maandishi ya programu ile. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU. Mwaka wa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, akatoa Linux. Kama simu yako ni Android, uko na Linux mfukoni sasa hivi.

Mtu wa mbegu anaelewa haraka. Mahindi ya hybrid ukiyavuna na kuyapanda tena, kizazi cha pili kinatawanyika, mimea hailingani, mavuno yanashuka, unarudi dukani. Mbegu ya kienyeji mama anaichagua mwenyewe, anaitundika juu ya moshi, anampa jirani. Lakini mfano una mwisho wake: kwa hybrid ni maumbile yanafanya vile, na kwa programu ni mtu aliyeamua kufunga. Hata watu wa mbegu wenyewe waliiga: Marekani, mwaka wa 2012, wakulima na watafiti walianzisha Open Source Seed Initiative, ambamo anayepokea mbegu anaahidi hatawazuia wengine kuitumia na kuizalisha. Walichukua wazo kwa watu wa kompyuta.

Na sisi kwa fakilte tunafanya nini? Kreki. Programu za kulipiwa zilizovunjwa, zinapitishwa kwa flashi, na virusi ndani. Sitoi mahubiri juu ya wizi, naongelea akili. Siku kreki inakufa, unabaki na data za misimu mitatu ndani ya faili ambayo masini yako haifungui, na direktere wa memuare anakungoja Jumatatu. Kwa takwimu kuna R, iliyotungwa Auckland, Nouvelle-Zélande, na Ross Ihaka na Robert Gentleman, na leo watafiti wakubwa wa dunia wanaitumia. Ni ngumu wiki mbili za kwanza, sitadanganya. Mwenye alizoea SPSS anaweza kuchukua PSPP, inafungua faili zile zile. Kwa ramani kuna QGIS, kwa kuandika LibreOffice, kwa bibliografia Zotero. Zote zinaenda kwa masini za zamani kidogo, na hakuna kati yake itakuomba namba ya siri mwisho wa mwezi.

Ile moja ambayo wengi wetu tayari tunaitumia bila kujua ni KoboToolbox. Ukifanya kazi ya uchunguzi na ONG yoyote huku mashariki, umeshapewa simu na Kobo ndani: unajaza maswali kule kijijini bila rezo, na jioni ukirudi mjini inatuma. Walioianzisha, Patrick Vinck na Phuong Pham, ni watafiti waliowahi kufanya uchunguzi mkubwa juu ya vita na amani huku huku mashariki ya Congo. Walijenga juu ya Open Data Kit, kazi ya watu wa iniversite ya Washington ambayo nayo ilikuwa wazi. Kama ile ya kwanza ingekuwa imefungwa, hii ya pili ingebidi kuanzia sufuri.

Sasa kuandika kwa anwani yako. Watu wanafikiri ni kazi ya enjenia. Hapana. Ukurasa wa wavuti ni faili ya maandishi tu. Unaandika kwa Markdown, namna ya kuandika iliyotolewa na John Gruber 2004, ambamo nyota na alama ndogo zinaonyesha kichwa cha habari na orodha. Programu kama Hugo, iliyo huru, inageuza yote kuwa tovuti. Hakuna hifadhidata, hakuna kitu cha kuvunjwa na wahuni usiku. Na uzito wake! Andiko kama hili unalosoma lina herufi elfu nane ao tisa hivi, maana yake kilobaiti tisa. Picha moja ya simu ni mega tatu ao nne. Mega moja ingebeba maandiko zaidi ya mia kama haya. Kwa mtu anayenunua mega za mia tano franga, hilo si jambo la mapambo.

Pa kuweka? GitHub inaweka bure, watu wengi wanaanzia kule, lakini ujue Microsoft iliinunua 2018. Codeberg ni ya chama kisichotafuta faida, kiko Berlin, nayo inaweka kurasa bure. Mimi ningeanzia Codeberg. Jina la domeni linalipiwa kila mwaka, lile la .org dola kumi na kitu, na hapo njo penye mwiba kwetu: wauzaji wengi wanataka karta ya benki, si pesa ya simu. Mkiwa kumi, mnachanga dola moja na kitu kila mtu, mnatafuta mwenzenu mmoja mwenye karta. Na tusijidanganye, jina la domeni nalo ni kukodi. Tofauti ni kwamba mwenye kukuwekea akikusumbua, unahamisha folda yako kwa mwingine, anwani inabaki ile ile, na wasomaji hawatajua hata kama ulihama.

Ndiyo, najua, unasoma hii kwa mtandao wa kijamii. Sisemi mtu atoke. Watu wa IndieWeb, waliokutana mara ya kwanza Portland, Marekani, 2011, wako na desturi nzuri: andika kwanza kwako, kisha peleka nakala kwa mitandao, na kiungo cha kurudi nyumbani. Nakala ikizama, mti ungali na mizizi.

Kitu kimoja anwani yako haitakuokoa nacho ni kukatwa kwa intaneti yenyewe. Tunakumbuka mwisho wa Desemba 2018, kisha uchaguzi: karibu siku ishirini bila intaneti. Siku zile tovuti yako ingekuwa kimya sawa na Facebook. Lakini angalia tena ile folda. Tovuti ya namna hii inafunguka hata bila rezo. Unainakili kwa flashi ao kwa karta ya simu, mwenye kuipokea anaanza na ukurasa wa kwanza na kusoma yote, sawa vile Kiwix inavyowapa watu Wikipedia nzima bila intaneti. Ile habari ya migomba, na tarehe yake na jina la aliyeiandika, inaweza kutoka Bukavu asubuhi ndani ya mfuko wa mwenye pikipiki na kusomwa Walungu mbele ya saa sita.