Kuijua Asili ya Pikapu Kuukuu ya Jeshi



Mwenzetu mmoja ametuletea picha ya pikapu kuukuu ya jeshi inayouzwa ng'ambo. Rangi yake ni kijani, ina nyota nyeupe ubavuni, na muuzaji asema kuwa ni Dodge ya Kimarekani iliyofanya kazi katika Vita Kuu ya Pili. Bei yake si ndogo. Ni fedha ya msimu mzima wa karafuu. Ametuuliza, "Nitajuaje kama asemayo ni kweli?" Swali hili lawafaa wengi, kwa hivyo tumeona vema tulijibu katika ukurasa huu.

Kila mmoja wetu ajua kuwa mnunuzi wa karafuu haridhiki na maandishi yaliyo juu ya gunia. Hutia mkono mpaka chini, akatazama kama mna makonyo au khuya. Gari kuukuu nalo ni vivyo hivyo. Rangi na nyota ndiyo maandishi ya gunia; mtu yeyote aweza kununua kopo la rangi akachora nyota jioni moja. Habari ya kweli imo katika chuma, na tena si katika chuma kimoja. Hapana budi mashahidi watatu au wanne waulizwe mbalimbali, kisha tuone kama maneno yao yapatana.

Shahidi wa kwanza ni umbo. Pikapu za Dodge ambazo watu huzichanganya ni hasa za aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya vita yenyewe, ya robo tatu tani, iliyotengenezwa katika jimbo la Michigan toka mwaka 1942 hata 1945. Isiyokuwa na winchi iliitwa WC-51, na zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Yenye winchi mbele iliitwa WC-52, nazo zilikuwa karibu 59,000. Gari hili halina milango ya chuma, paa lake ni turubali, na kioo cha mbele hulazwa juu ya boneti. Maelfu yalipelekwa Urusi wakati wa vita, na askari wa huko wakaliita "Dodge robo tatu".

Ya pili ni Power Wagon, iliyoanza kuuzwa kwa raia mwaka 1946. Injini na mitambo yake ilitokana na gari la vita, lakini ina kibanda cha chuma kilichofunikwa, chenye milango. Pikapu hii ndiyo idanganyayo wengi. Ikipakwa kijani na kuchorwa nyota, asiyejua huapa kuwa ilipigana vita ambavyo vilikwisha kabla haijatengenezwa.

Ya tatu ni M37, iliyoingia jeshini mwaka 1951 na kuendelea kutengenezwa hata 1968. Hiyo ni ya jeshi kweli, na ilifika Vietnam, ila Vita Kuu ya Pili haikuviona. Ina milango ya chuma na paa la turubali.

Kuzitenga hizi tatu hakuhitaji fundi. Chukua futi ya kupimia, upime toka kati ya gurudumu la mbele mpaka kati ya gurudumu la nyuma. WC-51 na WC-52 ni inchi 98, M37 ni inchi 112, na Power Wagon ya kwanza ni inchi 126. Futi haijui bei, wala haina haja ya kumpendeza muuzaji.

Shahidi wa pili ni namba. Katika dashibodi mna vibao vya bati vinavyoeleza aina ya gari, namba yake, na tarehe ambayo jeshi lilikabidhiwa. Vibao hivi vina manufaa makubwa, lakini tukumbuke kuwa hushikwa kwa skrubu tu, na siku hizi vipya vilivyoigwa vyauzwa. Basi namba ya kibao isomwe pamoja na ile iliyogongwa katika fremu, upande wa kushoto, mbele. Zikilingana, ni dalili njema. Ikiwa namba ya fremu imekwanguliwa kwa tupa, mwanachama afunge mfuko wake. Gari hilo laweza kuwa la wizi.

Injini nayo ina namba yake. Ya gari la vita huanza kwa T214, na ya M37 kwa T245. Hata hivyo, injini isiyolingana na gari si lazima iwe udanganyifu. Karakana za jeshi zilikuwa zikitoa injini iliyochoka na kutia nyingine, na mara nyingine zikabandika kibao chao cha matengenezo. Na aonaye tarehe katika chuma akumbuke kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi, kisha siku.

Shahidi wa tatu ni rangi ya chini. Baada ya vita magari mengi yaligawiwa au kuuzwa kwa majeshi ya nchi nyingine, na kila jeshi likapaka rangi yake juu ya ile ya kwanza. Mwenye subira akipiga msasa laini wenye maji ubavuni mwa boneti aweza kuiona namba ya kale ikitokeza. Namba za magari mepesi ya Kimarekani wakati wa vita zilianza kwa 2, na za magari ya wagonjwa kwa 7. Herufi S mwishoni ilionyesha kuwa umeme wa gari umezuiwa usivuruge redio. Apigaye msasa kwa pupa huifuta hati ambayo haiandikwi tena.

Huenda mtu akasema, "Mimi nataka gari la kuchukulia magunia tu, asili yake ya nini?" Jibu ni kuwa asili ndiyo itakayosema spea zipi zinunuliwe. Umeme wa M37 ni volti 24, na wa magari ya vita ni volti 6 au 12. Aagizaye taa na betri kwa kutazama nyota ya ubavuni ataunguza taa na fedha pamoja. Tena hati za gari zisipopatana na namba ya fremu, pikapu yaweza kuzuiwa bandarini, na gharama za kungojea humwangukia mwenye mali.

Kwa hivyo twawashauri wanachama kabla ya kutuma hata senti moja waombe mambo manne: kipimo cha toka gurudumu mpaka gurudumu, picha ya vibao vya dashibodi, picha ya namba ya fremu ikiwa imesafishwa, na picha ya namba ya injini. Muuzaji mkweli hatachukizwa na maombi haya, kwani huongeza thamani ya mali yake. Akianza kutoa hadithi za vita mahali pa namba, mwacheni na nyota yake.