Meno yamefungwa vyuma, mtoto atakula nini?

Kutoka Upanga hadi Kivukoni si mwendo mrefu, lakini kwa mtoto aliyefungwa vyuma vya meno asubuhi hiyohiyo, ni njia yenye majaribu. Yupo mama wa mahindi ya kuchoma na jiko lake la mkaa. Lipo toroli la miwa iliyokwisha kumenywa na kukatwa vipande. Wapo vijana wa korosho na karanga wanaopenya kati ya magari kwenye foleni. Akifika Feri anakutana na muhogo na pweza. Kama mzazi ameamua kupitia Kariakoo kwanza, huko kuna ubuyu, kashata na embe mbichi yenye chumvi na pilipili.

Karibu vyote hivyo, kwa mwaka mmoja au miwili ijayo, ama haviruhusiwi kabisa ama vinahitaji kisu kabla ya kuingia mdomoni. Daktari akishagandisha vile vipande vidogo vya chuma kwenye meno na kupitisha waya, kazi yake ya siku hiyo imekwisha. Iliyobaki iko jikoni kwa mama, kwenye genge la nje ya shule, na midomoni mwa binamu wanaopenda utani.

Hitaji lenyewe si la watoto wachache. Utafiti wa Dk Matilda Mtaya na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima watoto 1,601 wenye umri wa miaka 12 hadi 14 katika shule 16 za msingi za Kinondoni na Temeke. Asilimia 63.8 walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno au taya. Takwimu hiyo isimtishe mzazi, kwa sababu nafasi ya milimita mbili kati ya meno nayo imo kwenye hesabu. Kwa maneno mengine, hata mwanya, ambao kwetu ni urembo wa kusifiwa, daktari anaweza kuuandika kama kasoro. Si kila aliyehesabiwa anahitaji vyuma. Lakini wapo ambao meno yao yamepandana kiasi kwamba mswaki haufiki, au ya juu na ya chini hayakutani wanapong'ata. Hao ndio wanaorudi nyumbani na waya mdomoni.

Usiku wa kwanza

Wazazi hushangazwa na jambo moja: mtoto hutoka kliniki akiwa mzima kabisa, anajitazama kwenye kioo cha simu, anapiga picha. Maumivu huja saa chache baadaye, mara nyingi jioni wakati chakula kiko mezani. Waya unasukuma jino, na nyama laini zinazolizunguka zinavimba kidogo huku mfupa ukianza kupisha upande mmoja na kujijenga upande wa pili. Ndivyo jino linavyohama. Maumivu hayo huwa makali zaidi siku inayofuata, kisha hupungua taratibu na ndani ya wiki moja mengi huwa yamekwisha. Paracetamol kwa dozi ya umri na uzito wa mtoto hutosha. Yakipita wiki bila kupungua, au uso ukivimba, mrudishe kwa daktari.

Kwa siku hizo tatu nne za mwanzo, jiko la pwani lina hazina ambayo mzazi hahitaji kuitafuta supamaketi. Bokoboko ni chakula kilichopondwa tayari. Mtori wa ndizi na nyama, asili yake Kilimanjaro lakini leo unapatikana kila kona ya Dar es Salaam, unamshibisha mtoto bila kumtafunisha. Uji wa ulezi, viazi vya kuponda, wali uliopikwa ukalainika, maharage yaliyopondwa kwa nazi, mayai, parachichi na papai vyote vinafaa. Samaki wa Feri akichemshwa au akiungwa mchuzi wa nazi ni bora kuliko wa kukaanga mpaka akakauka, ila miiba itolewe jikoni, si mezani, kwa kuwa mwiba ukinasa kwenye waya ni shughuli kuutoa.

Ugali nao ni rafiki. Tonge dogo, mchuzi wa kutosha, na mtoto anakula na wenzake sinia moja. Hilo si dogo. Mtoto anayepikiwa sufuria yake pembeni kwa wiki mbili huanza kujiona mgonjwa, na anayejiona mgonjwa hula kidogo. Ni rahisi zaidi kwa familia nzima kula mtori siku tatu kuliko mmoja kunywa uji peke yake akiwaangalia wengine wakitafuna kuku.

Baada ya wiki ya kwanza anaweza kurudi kwenye vyakula vingi vya kawaida, kwa sharti moja: kukata kwanza, kutafuna baadaye. Meno ya mbele yapumzike kazi ya kung'ata na kuvuta. Chapati inachanwa kwa mkono. Embe iliyoiva na tufaa vinakatwa vipande. Nyama inatolewa kwenye mfupa kabla ya kupakuliwa. Pweza akatwe vidogo sana, na supu yake haina neno. Mahindi yawe ya kuchemsha mpaka yakalainika, kisha yapukuchuliwe. Ya kuchoma yasubiri mpaka siku ya kuvua vyuma.

Muwa, karanga, korosho, kashata na bisi ni vya kuacha kabisa. Hata zile barafu za ukwaju za kwenye vifuko, tatizo si kuzifyonza bali kuzitafuna, na mtoto gani hatafuni barafu? Ubuyu una makosa matatu kwa pamoja. Kokwa yake ni ngumu, sukari yake inakaa mdomoni muda mrefu, na rangi yake inabaki kwenye vile viraba vidogo vinavyoshikilia waya. Bizari ya manjano nayo hupaka rangi viraba vyeupe. Haidhuru jino, lakini binti wa kidato cha pili anayeamka baada ya pilau ya sikukuu na kukuta tabasamu la manjano hataona kuwa ni jambo dogo. Anaweza kumwomba daktari amwekee viraba vya rangi iliyokoza watakapobadilisha.

Kuna adui mwingine asiyetajwa kwenye makaratasi ya kliniki: kijiwe kwenye mchele au maharage. Meno ya kawaida yakikutana nacho, mtu anatema na kuendelea kula. Yenye vyuma, kipande kinaweza kubanduka papo hapo. Kuchagua mchele vizuri ni sehemu ya matibabu. Vivyo hivyo tende za mwezi wa Ramadhani: kokwa itolewe kabla, tende ichanwe vipande, na baada ya futari mtoto asukutue, maana tende hunata. Futari yenyewe, yaani magimbi, viazi vitamu, tambi na uji, ni kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake.

Ulimi unajifunza upya

Kuhusu kuongea, wazazi wengi huogopa kithembe. Inategemea kifaa gani kimewekwa. Vyuma vinavyogandishwa upande wa nje wa meno haviugusi ulimi, hivyo matamshi hubadilika kidogo sana. Shida ya siku za mwanzo ni midomo kuhangaika kufunga juu ya chuma, na inasikika zaidi kwenye m, b na p. Mashavu na midomo kwa ndani huweza kupata vidonda. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo ya kusukutua, na ile nta laini inayotolewa kliniki kwa ajili ya kufunika sehemu inayokwaruza, husaidia mpaka ngozi ya ndani izoee.

Kifaa cha kuvaa na kuvua, kile chenye bamba la plastiki linalofunika kaakaa, ni habari nyingine. Ulimi umezoea kugusa nyuma ya meno ya juu kwa miaka yote, ghafla unakuta ukuta. Sauti za s, z, sh, t na l ndizo zinazoteseka. Mate nayo hujaa, kwa kuwa mdomo unadhani kimeingia chakula. Mtoto humeza na kumeza, na wakati mwingine huona aibu kuwa anatokwa na udenda mbele ya watu. Vyote hivi hupungua ndani ya siku chache, na kwa kawaida wiki moja hadi mbili zinatosha, ikiwa kifaa kinavaliwa muda wote kama daktari alivyoagiza. Anayekivua kila anapotaka kuongea anauanzisha ulimi upya kila siku.

Dawa ni kusoma kwa sauti. Dakika kumi kila jioni, gazeti au kitabu cha shule, polepole. Zoezi jepesi kwa Kiswahili ni kuhesabu kuanzia sitini hadi sabini. Mtoto akifika sitini na sita, sitini na saba bila kuteleza, ameshazoea. Anayesoma madrasa ataona tofauti mapema kuliko wengine, kwa sababu herufi kama tha na dhal hutoka kwenye ncha ya ulimi na meno ya juu. Ustadhi akijulishwa siku ya kwanza hatadhani mwanafunzi anafanya mzaha. Mwalimu wa darasa naye aambiwe, ili asimwinue kusoma mbele ya wenzake wiki hiyo bila kujua.

Nyumbani, utani una mipaka yake. Mjomba akimwita jina la chuma siku ya kwanza, wote watacheka, hata mwenyewe. Siku ya tano mtoto akianza kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka, au kujibu kwa kutikisa kichwa tu, mjomba aambiwe inatosha.

Kipande kikibanduka

Hili ndilo linalowagharimu wazazi zaidi, na mara nyingi wenyewe hawajui. Mtoto amekula alichokatazwa, kipande kimebanduka, na anakumbuka vizuri alivyoambiwa ni fedha kiasi gani zimelipwa. Anafanya nini? Ananyamaza. Kipande kinaning'inia kwenye waya wiki tatu, nne, mpaka siku ya miadi. Muda wote huo jino hilo haliendi linakotakiwa, na linaweza hata kuanza kurudi lilikotoka. Miezi inaongezeka kwenye matibabu, na nauli na gharama za kwenda kliniki nazo.

Ukali una nafasi yake katika malezi, lakini hapa unamfanya mtoto awe msiri. Mzazi atapata faida zaidi akimwambia mapema kuwa chuma kinaweza kubanduka hata kwa mtu mwangalifu, na kwamba kosa ni kukaa kimya. Awe na mazoea ya kumtazama mdomoni kila Jumamosi kwenye mwanga wa dirisha. Kipande kilicholegea kiachwe hapo hapo na daktari apigiwe simu. Waya ukichoma shavu, ufunikwe kwa nta mpaka wafike kliniki. Koleo la nyumbani likae mbali. Kipande kikimezwa, kwa kawaida hutoka chenyewe kwa haja kubwa, lakini mtoto akikohoa au kupumua kwa shida, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mtoto wa bweni mipango inatakiwa kuanza mapema zaidi. Vyuma vifungwe mwanzoni mwa likizo ndefu, ya Juni au Desemba, ili zile wiki mbili ngumu zimkute nyumbani na si wiki ya mitihani. Chakula cha bweni mara nyingi ni makande na maharage, na mahindi ya makande hayalainiki kila siku sawasawa. Matroni apewe barua ya daktari. Sandukuni ziwemo nta, mswaki wa ziada, dawa ya meno yenye madini ya floraidi, na chupa ya maji ya kusukutua baada ya kula. Chakula kinachokaa kuzunguka vyuma, hasa baada ya soda na biskuti, huacha madoa meupe kwenye jino. Madoa hayo huonekana vizuri siku vyuma vinapovuliwa, wakati ambao familia ilitarajia kufurahi. Mswaki wa mti ni mzuri, ila pekee hautoshi kuingia kati ya waya na fizi.

Vyuma vikishatoka, mtoto hupewa kifaa cha kushikilia meno yasirudi, na ulimi unaanza tena zile siku zake za mate na kithembe. Safari hii anakivua wakati wa kula, na hapo ndipo hupotea: kimefungwa kwenye tishu, kikawekwa kando ya sahani, mhudumu wa mgahawa akakusanya vyote akatupa. Kiwe na kikopo chake chenye mfuniko. Na kisafishwe kwa mswaki na maji baridi. Mama aliyezoea kuchemsha chupa za mtoto mchanga ili ziwe safi asikichemshe hiki, wala asikimwagie maji ya moto, kwa sababu plastiki yake itapinda na haitaingia mdomoni tena.