Kipasha joto cha dizeli

Kipasha joto cha dizeli ni kifaa cha umeme kinachopasha mafuta ya gari kabla hayajafika kwenye pampu na nozeli za injini. Aghalabu hukaa ndani ya chujio la mafuta au kwenye kitako chake. Kazi yake ni kuzuia dizeli isigande wakati wa baridi kali. Muundo wake ni rahisi, lakini hitilafu ya umeme katika saketi yake inaweza kusimamisha gari zima, na mara nyingi hutafutwa mahali pasipo.

Kwa nini dizeli hupashwa joto

Ndani ya dizeli mna nta aina ya parafini. Joto likishuka, nta hiyo huanza kuwa fuwele ndogo na mafuta huonekana kama yameingia ukungu. Fuwele zikizidi huziba chujio, na injini hukosa mafuta ingawa tangi limejaa. Barani Ulaya kiwango cha EN 590 hupanga dizeli kwa madaraja kulingana na baridi ambamo bado inaweza kupita kwenye chujio: daraja A ni hadi nyuzi +5 za selsiasi, na daraja F ni hadi nyuzi −20.

Sehemu za saketi

Umeme hutoka kwenye betri na kupita katika fyuzi, rilei, thamostati na elementi ya kupasha joto, kisha hurudi upande wa hasi kupitia waya au bodi ya gari. Thamostati ni swichi inayoongozwa na joto: huunganisha saketi mafuta yakiwa baridi na kuikata yakishapata joto. Katika magari mengi imo ndani ya kipasha joto chenyewe.

Kwa kanuni ya Ohm, elementi ya wati 150 kwa volti 12 huvuta mkondo wa ampea 12.5, na ukinzani wake ni omu 0.96. Huu ni ukinzani mdogo sana. Kwa hiyo anayepima kwa multimita hana budi kwanza kugusanisha ncha mbili za nyaya za kipimo, kusoma ukinzani wa nyaya hizo, na kuutoa katika jibu. Baadhi ya elementi huongeza ukinzani zinapopata moto, hivyo hupimwa zikiwa zimepoa.

Aina za hitilafu

* Saketi iliyokatika: mkondo haupiti kabisa. Gari hufanya kazi vizuri siku za joto, lakini asubuhi ya baridi hukosa nguvu au huzimika.
* Shoti: umeme hupata njia ya mkato kwenda hasi, na fyuzi huungua. Fyuzi inayoungua siku za baridi tu huashiria kipasha joto, kwa kuwa ndipo thamostati inapoiunganisha elementi.
* Ukinzani wa ziada: kiungio kina kutu au kimelegea. Fyuzi ni nzima, umeme unafika, lakini joto halitoshi.

Aina ya tatu ndiyo hupotosha zaidi. Tuseme kutu kwenye plagi imeleta ukinzani wa omu 0.96, sawa na wa elementi. Ukinzani wote huwa omu 1.92 na mkondo hushuka hadi ampea 6.25. Elementi hutoa wati 37.5 tu, yaani robo ya joto lake, na wati 37.5 nyingine huishia kwenye plagi, ambayo huanza kuyeyuka. Hata hivyo, plagi ikichomolewa na kupimwa kwa multimita huonyesha volti 12 kamili, kwa sababu hakuna mkondo unaopita. Ndiyo maana volti hupimwa saketi ikiwa inafanya kazi.

Hatua za uchunguzi

1. Soma mchoro wa nyaya wa gari husika na ujue fyuzi hiyo inalisha vifaa gani vingine.
2. Kagua fyuzi. Ikiwa imeungua, chomoa plagi ya kipasha joto na uweke fyuzi mpya ya ampea zilezile, kisha washa swichi. Ikiungua tena, kagua nyaya na vifaa vingine vya fyuzi hiyo. Ikidumu, shaka huelekea kwenye kipasha joto.
3. Pima ukinzani wa kipasha joto kilichochomolewa. Kama thamostati imo ndani, kipoze kwanza kwa barafu iliyofungwa katika mfuko. Kikiwa na joto, saketi huwa imekatwa na thamostati, na kukosa kipimo si dalili ya ubovu.
4. Pima kati ya kila pini na kasha. Ikiwa kipasha joto kina waya wake wa hasi, pasiwe na mawasiliano yoyote na kasha.
5. Rudisha plagi, washa saketi, upime volti kati ya chanya ya betri na pini ya kuingilia, kisha kati ya pini ya hasi na hasi ya betri. Kila upande usizidi takriban nusu volti. Ukizidi, safisha viungio vya upande huo.

Mfano

Katika baadhi ya malori madogo ya Ford yenye injini ya Power Stroke ya lita 7.3, fyuzi moja hulisha kipasha joto pamoja na kompyuta ya injini. Kipasha joto kikipiga shoti, fyuzi huungua, kompyuta hukosa umeme na injini huzimika. Asiyejua hili anaweza kubadilisha pampu au kompyuta bure, ilhali kuchomoa plagi moja na kuweka fyuzi mpya kungeonyesha chanzo.

Tahadhari

Fyuzi kubwa zaidi isiwekwe kamwe ili "kuvumilia" hitilafu, kwa kuwa waya utashika moto kabla ya fyuzi kukatika, na hapo karibu pana mafuta. Kabla ya kufungua chujio, waya wa hasi wa betri huondolewa na dizeli iliyomwagika hufutwa. Chujio lililoganda halipashwi kwa moto wa wazi.

Katika maeneo yenye joto, kama pwani ya Afrika Mashariki, gari lililoagizwa kutoka nchi ya baridi linaweza kutumika bila kipasha joto. Plagi yake ikiachwa wazi, hufunikwa na kufungwa mbali na vyuma ili isilete shoti nyingine.