Jicho Lililoiona Nyota Mkia Iliyovunjika

Carolyn Shoemaker alianza kazi ya falaki akiwa na miaka 51. Alizaliwa Gallup, New Mexico, nchini Marekani, mwaka 1929. Chuoni alisoma historia na sayansi ya siasa, na kwa muda mfupi alifundisha shule. Mwaka 1951 aliolewa na mwanajiolojia Eugene Shoemaker, wakajaliwa watoto watatu. Watoto walipokua na kuondoka nyumbani, alitaka kazi ya kumshughulisha akili, na mumewe akamshauri ajaribu kutafuta asteroidi. Alipofariki tarehe 13 Agosti 2021, akiwa na miaka 92, alikuwa amegundua nyota mkia 32 na mamia ya asteroidi.

Asteroidi ni mawe na chuma vilivyobaki sayari zilipoumbika, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Nyingi hulizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, mbali nasi. Chache huvutwa na Mshtarii zikatoka kwenye njia zao, zikaja kupita jirani na dunia. Hizo ndizo zinazowindwa. Aliyefika Mbozi, mkoani Songwe, akakigusa kile kimondo cha chuma chenye uzito wa tani nyingi, ameshika kipande cha jiwe la aina hiyo. Kule Arizona, miaka kama 50,000 iliyopita, jiwe la chuma lenye upana wa mita 50 hivi lilichimba shimo la zaidi ya kilomita moja. Eugene ndiye aliyethibitisha kwamba shimo hilo halikutokana na volkano.

Sasa jiwe jeusi litaonekanaje katika anga jeusi? Siri yake ni mwendo. Usiku, kwenye Mlima Palomar, California, Carolyn na wenzake walipiga picha za anga kwa darubini ya sentimita 46. Baada ya kama saa moja walipiga tena sehemu ile ile. Kisha Carolyn aliziweka filamu mbili ubavu kwa ubavu chini ya hadubini ya macho mawili, jicho la kulia likitazama moja, la kushoto nyingine. Nyota haziendi popote kwa muda huo, kwa hiyo zilitulia kama punje za mchanga juu ya meza. Lakini kitu kilichosogea kati ya picha ya kwanza na ya pili kilionekana kimeinuka juu ya nyota, au kimezama chini yake. Jicho lisilozoea hukipita. Kwa wastani Carolyn alitumia takriban saa 100 za kutazama kabla ya kupata nyota mkia moja.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Machi 1993 msemo huo ulitimia Palomar. Sanduku la filamu lilikuwa limefunguliwa na mtu, mwanga ukaingia. Filamu za juu ziliharibika kabisa, na zile za chini ziliungua kingo tu. Mawingu nayo yalikuwa yakitanda. Kwa kuwa filamu nzuri ni ghali na usiku ule haukuwa na matumaini, waliamua kutumia zile zilizoungua kingo. Siku mbili baadaye, Carolyn alipokuwa akizipitia, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: si nukta, bali mstari mfupi wenye ukungu, kama nyota mkia iliyobanwa ikawa bapa.

Ilikuwa nyota mkia iliyovunjika. Julai 1992 ilipita karibu mno na Mshtarii, na uvutano wa sayari hiyo ukaipasua vipande zaidi ya 20, vikawa vinafuatana kama shanga kwenye uzi. Iliitwa Shoemaker-Levy 9, kwa majina ya Carolyn, Eugene na mwenzao David Levy. Hesabu za njia yake zikaonyesha kwamba vipande vyote vingerudi kuigonga Mshtarii. Kuanzia tarehe 16 hadi 22 Julai 1994 viligonga kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa sekunde. Baadhi ya madoa meusi yaliyobaki yalikaribia ukubwa wa dunia yetu, na watu waliyaona hata kwa darubini ndogo za nyumbani.

Kabla ya wiki ile, migongano ya angani ilionekana kwa wengi kuwa habari za kale. Baada yake, serikali zilikubali kugharimia uwindaji wa asteroidi. Leo kompyuta ndizo zinazolinganisha picha, na mojawapo ya darubini za kazi hiyo iko Sutherland, Afrika Kusini. Mawe yanayojulikana kupita jirani na dunia yamezidi 35,000. Septemba 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligonga asteroidi ndogo, Dimorphos, kwa makusudi, na muda wa mzunguko wake ukafupika kwa zaidi ya nusu saa. Maana yake jiwe likigunduliwa mapema, linaweza kusukumwa pembeni. Likichelewa kugunduliwa, hakuna chombo kitakachowahi.

Eugene alifariki katika ajali ya gari nchini Australia mwaka 1997, na Carolyn mwenyewe aliumia. Alipopona alirudi kwenye kazi yake.

Usiku wa tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Haitatugonga. Hapa Afrika, anga likiwa safi, itaonekana kwa macho matupu kama nyota inayotembea taratibu. Toka nje na watoto usiku huo, uwaonyeshe. Huenda mmoja wao atapenda kuendelea kutazama.